Jumla Yangu Ilikuwa 17

Siku za mbalamwezi Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki hapa Mwanza, hupoa. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi haina kazi. Mitumbwi inavutwa juu, nyavu zinashonwa, na sisi tunaoshinda na madaftari tunabaki kupiga soga na kuchezea simu. Hizo ndizo siku ambazo kila kitu huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: mikeka ya kubeti mpira, mahubiri, juisi ya kabichi ya kutibu vidonda vya tumbo, na siku hizi vipimo. "Je, una sonona? Jipime kwa dakika mbili." Mtu anajaza, anapewa namba, anaitupa kwenye grupu na vikatuni vya kucheka. "Mimi 14, kumbe mwenzenu mgonjwa!" "Mimi 20, nileteeni soda."

Mimi natunza hesabu za mfanyabiashara mmoja wa dagaa. Kazini kwetu mtu akileta jumla bila mistari yake haondoki salama. Ataulizwa imetoka wapi, magunia mangapi, ya nani, ya lini. Ndiyo maana vipimo hivi vinanikera na kunivutia kwa wakati mmoja. Watu wanasambaziana jumla, wakati habari yote iko kwenye mistari. Mimi pia nilikipata kipimo hicho, nikajaza, nikapata 17, na sikuituma kwenye grupu lolote.

Tuanze na kitu chenyewe. Vipimo vingi vya sonona, ule ugonjwa wa huzuni na kukosa raha ambao wengine huuita depression, vinavyozunguka mtandaoni, hata vikipakwa rangi na kuwekewa picha za mawingu, chini yake ni dodoso moja liitwalo PHQ-9. Liliandaliwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams, Kurt Kroenke na wenzao, na utafiti wa kulithibitisha ukachapishwa mwaka 2001. Aliyegharamia ni kampuni ya dawa ya Pfizer, ambayo ilikuwa na dawa yake ya sonona sokoni. Kwetu sokoni mtu akikupa mizani ya bure huku yeye ndiye muuzaji, unaiangalia mizani mara mbili. Lakini tuseme kweli: dodoso lenyewe liliachwa wazi, yeyote anaruhusiwa kulichapa na kulitumia bila kuomba ruhusa wala kulipa, na limepimwa tena na tena na watu wasio na uhusiano na kampuni hiyo. Tafsiri ya Kiswahili ipo, na watafiti wameijaribu Kenya na hapa Tanzania. Mwaka 2017 Google ikaanza kuwaletea watumiaji wa Marekani dodoso hilo pale wanapotafuta habari za sonona, na baada ya hapo likawa kama maji.

Maswali ni tisa na yote yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Kukosa raha au hamu ya kufanya mambo. Huzuni na kukata tamaa. Usingizi kuwa mchache au kupita kiasi. Uchovu. Chakula kukushinda au kula kupita kiasi. Kujiona hufai, umeshindwa, umewaangusha wa nyumbani. Akili kutotulia kwenye jambo moja. Kuwa mzito wa kutembea na kusema mpaka watu wanaona, au kinyume chake, kutotulia. La mwisho ni mawazo kwamba heri ungekuwa umekufa, au ya kujidhuru. Kila swali lina majibu manne: hapana kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Ukijumlisha, kiwango cha juu ni 27. Kuanzia 5 inaitwa sonona hafifu, 10 ya wastani, 15 ya wastani inayoelekea kuwa kali, 20 kali.

Sasa chukua watu wawili waliopata 12. Wa kwanza ni mama aliyejifungua juzi. Usingizi 3, uchovu 3, chakula 3, akili kutotulia 3, kwingine kote sifuri. Wa pili ni kijana anayebeba magunia. Analala, anakula, anafanya kazi. Lakini raha imemwisha, 3. Amekata tamaa, 3. Anajiona hafai, 3. Na swali la tisa, 3. Simu itawaambia wote wawili neno lile lile: wastani. Huyu wa kwanza huenda anachohitaji ni mtu wa kumshikia mtoto na chungu cha uji. Wa pili asiachwe alale peke yake usiku wa leo.

Na kumbe hata wataalamu waliliona hilo la mzazi mapema. Lipo dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, maswali kumi, lililotengenezwa kwa ajili ya mama aliyejifungua, na likaacha makusudi maswali ya uchovu na hamu ya kula, kwa sababu mzazi yeyote mwenye kichanga angeyajibu ndiyo.

Huku ziwani tuna sababu zetu za kutilia shaka maswali ya mwili. Watu wetu wanaingia majini tangu wakiwa watoto na kichocho kimejaa mwambao mzima. Mtu mwenye kichocho cha siku nyingi anachoka, damu inapungua, chakula hakina ladha. Malaria nayo ina njia yake ya kukuacha mnyonge baada ya kupona. Jaza dodoso ukiwa na hayo, na utafika 9 au 10 bila huzuni yoyote moyoni.

Kuna siku nilikuwa nimekaa chini ya turubai na mama mmoja mtu mzima anayeanika dagaa, mwanamke wa kazi, hasomi. Akaniuliza hao vijana wanacheka nini kwenye simu. Nikamweleza, akasema na yeye nimsomee. Tulipofika kwenye usingizi akanikatisha.

"Mwanangu, usiku nani analala hapa? Mitumbwi inaingia alfajiri. Usingizi wangu mimi ni wa mchana, na mchana kuna nzi."

"Basi mama, niandike siku ngapi?"

"Andika miaka."

Kwenye hamu ya kula akauliza kama wanamaanisha hamu au chakula. La kujiona umewaangusha wa nyumbani akalicheka sana, akasema wao ndio wamemwangusha yeye. Halafu nilipolisoma la kwanza tena, kwa sababu mara ya kwanza alilijibu haraka haraka, akasema tangu mwanawe wa pili aondoke kwenda visiwani na asirudi, amekuwa akipita kwenye sherehe za watu kama anayepita barabarani. Anaona ngoma, anaona nguo, haingii. Hilo hakulitaja kama ugonjwa. Alilitaja kama habari. Nikaona nilivyokuwa na bahati kuyasoma kwa sauti, kwa sababu skrini ingempa 1 na kusonga mbele.

Watafiti wa Muhimbili wakiongozwa na Sylvia Kaaya walichapisha mwaka 2008 dodoso la maswali 19 lililojengwa kutokana na namna watu wa Dar es Salaam wenyewe wanavyoeleza mateso ya moyo. Sijawahi kuliona likizunguka WhatsApp. Linalozunguka ni lile la Marekani, kwa sababu ndilo lenye vitufe.

Bado niko kwenye hesabu, nivumilie. Katika utafiti ule wa 2001 walijaza wagonjwa 6,000 waliofika kliniki za kawaida na za akina mama, na kati yao 580 wakahojiwa upya na mtaalamu wa afya ya akili ili kuona kama dodoso linasema kweli. Kwa kikomo cha 10, yaani aliyepata 10 au zaidi anahesabiwa kuwa na sonona, liliwanasa asilimia 88 ya wenye sonona na kuwaachia asilimia 88 ya wasio nayo. Ukisikia 88 unadhani mambo yameisha. Sasa weka watu 100 wa Mwaloni, tukadirie kumi kati yao wana sonona kweli. Dodoso litawanasa kama tisa na mmoja litamkosa. Kati ya wale 90 wasio nayo, kumi au kumi na moja nao watapita kikomo. Unabaki na watu kama ishirini wenye namba ya kutisha, na walio wagonjwa hawafiki nusu. Mizani si mbovu. Ndivyo ilivyo kazi ya kuchuja: unachota zaidi ya unachotaka, kisha mtu anakaa na kuchambua kwa mkono. Kwenye grupu la WhatsApp hakuna anayechambua.

Na kuna yule mmoja aliyekoswa. Yeye alipata 7, akatuma kikatuni cha kucheka, akafunga simu.

Yangu ilikaa hivi. Raha 3, huzuni 2, usingizi 3, uchovu 3, chakula 1, kujiona sifai 2, akili 2, uzito wa mwili 0, swali la tisa 1. Linki alinitumia mdogo wangu anayesoma chuo Nyegezi, bila maelezo, bila hata salamu, jambo ambalo si kawaida yake. Nadhani alikuwa ameniangalia kwa muda. Nilikuwa naamka saa tisa usiku na kukaa macho mpaka majogoo. Najumlisha ukurasa wa leja, narudia, inakuja tofauti. Lakini kilichonisumbua zaidi ni kwaya. Mimi ni mwimbaji wa sauti ya pili tangu nikiwa msichana, na chumba changu hakiko mbali na kanisa. Nilikuwa nasikia wenzangu wakifanya mazoezi, najua kabisa ubeti unaofuata, na ndani yangu hakuna kinachoinuka.

Hakuna msiba uliotokea. Sikuachwa, sikufukuzwa kazi. Hilo ndilo lililofanya kila mtu awe na dawa yake. Mama kutoka Magu akasema kwenye simu, "Mwanangu, hayo ni mawazo tu, njoo nyumbani upumzike." Shangazi akasema umri unakwenda, nikiolewa yataisha. Jirani akataja mganga wa Misungwi, na kwa sauti ya chini akataja na mtu anayemshuku. Mchungaji akaniombea, na maombi yale niliyapenda, sitasema vingine. Ila baada ya maombi saa tisa iliendelea kuja.

Tovuti iliyonipa 17 ilinipa pia ukanda mwekundu na kitufe cha kuzungumza na mtaalamu, malipo kwa dola. Hapo ndipo ukarimu wake ulipoishia. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 75 ya watu wenye shida hii katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawapati tiba yoyote, na mimi naona kitufe kile ni picha nzuri ya sababu mojawapo. Ukimwambia mtu ana moto nyumbani kwake, mwonyeshe na maji yalipo.

Kaka yangu ndiye aliyenipeleka. Kituo cha kwanza sikitaji. Dirishani nilisema kwa sauti ya chini kwamba nataka kumwona mtu wa afya ya akili, na aliyekuwa ndani akajibu kwa sauti ya kuuzia samaki: "Wa akili wanakaa benchi lile kule!" Benchi zima likageuka. Nilipokwenda kukaa nikakuta jirani yangu wa benchi ni mvuvi ambaye daftari lake la madeni ninalo mimi. Tulisalimiana kama watu waliokutana kwa bahati mbaya nyumba ya mganga. Akaniambia amekuja kumsindikiza mtu. Nikamwambia hata mimi. Tukakaa pale, wasindikizaji wawili, kila mmoja ameshika kadi yenye jina lake. Siku hizi tukionana Mwaloni tunacheka, na sasa tunasalimiana kwa "Msindikizaji, hujambo?"

Siku ile daktari hakuwepo. Tulielekezwa hospitali kubwa, tukaenda siku nyingine. Aliyenipokea alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea. Nikamwonyesha simu. Akaitazama, akairudisha.

"Jumla nimeiona, dada. Katika hayo maswali, lipi lilikuuma kulijibu?"

"La kwanza."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari za kwaya. Nilianza vizuri na katikati nikashindwa, akanisubiri. Hakunipa pole za haraka. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia homa:

"Na la tisa uliweka ngapi?"

"Moja."

"Moja yako ina maana gani?"

"Kuna usiku natamani nilale, kukicha nisiwepo. Basi."

"Umeshawahi kupanga namna?"

"Hapana."

"Ukianza kupanga, utamwambia nani?"

Nikamtaja kaka, aliyekuwa nje akisoma mabango ya chanjo. Daktari akaomba ruhusa yangu amwite. Kaka akaingia, akaambiwa mbele yangu, kwa maneno yangu mwenyewe. Alitoa kofia, akaivaa, akaitoa tena. Nilikuwa nimeogopa sana dakika hiyo, na ikapita.

Nikapelekwa maabara. Damu ilikuwa chini, si ya kutisha, lakini chini. Kaka akachangamka. "Kwa hiyo ni damu tu, daktari?" Daktari akamjibu kuwa ni damu, na ni sonona pia, na kwamba kupata moja hakumzuii mtu kuwa na lingine. Nikatoka na vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kukutana na mnasihi. Kama ningeishia kwenye simu, uchovu wote ningeuita sonona. Kama ningeishia kwa mpima damu, kwaya nisingeipatia maelezo.

Hili swali la tisa linahitaji aya yake, kwa sababu nimegundua watu wengi wanalidanganya. Wengine ni kwa aibu na imani, na wengine ni kwa woga wa sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikakitamka kuwa kinakwenda kinyume na katiba. Sisi bado. Lakini kifungu kinazungumzia kujaribu. Mtu anayemwambia daktari kwamba anawaza hivyo hajajaribu chochote, na hakuna kosa la kuwaza. Na ule woga mwingine, kwamba ukimuuliza mtu habari za kujiua utakuwa umemtia wazo, waliofanya kazi hii miaka mingi wanasema si kweli: mtu aliyeulizwa waziwazi mara nyingi hupumua. Mimi nilipumua. Kwa hiyo ukimkuta mwenzako ameweka chochote juu ya sifuri pale, hata 1, sahau jumla. Muulize maswali ya yule daktari, kwa mpangilio ule ule. Akisema amepanga, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali yoyote iliyo karibu, idara ya dharura, hata usiku. Akiwa mtoto, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure.

Msiba nao unachanganya dodoso. Mwanza hapa tuna makaburi ya Igoma, walikolala waliokufa na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Ukienda siku ya kumbukumbu utakuta watu wazima ambao, ukiwasomea maswali tisa asubuhi ile, watapita 15. Ni wagonjwa? Madaktari wa Marekani wenyewe walibishana sana juu ya hili. Mwongozo wao wa zamani ulikuwa ukimwachia mfiwa miezi miwili ya kwanza kabla ya kumwita mgonjwa wa sonona, na toleo la 2013 likaiondoa nafuu hiyo, kwa hoja kwamba mfiwa naye anaweza kuugua na akanyimwa tiba. Mimi sina digrii ya kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba matanga yetu, na wale wanawake wanaolala chini na mfiwa, yanafanya kazi ambayo dodoso haliioni, na kwamba matanga yakiisha watu hurudi makwao, na hapo ndipo wa kuangaliwa.

Jambo jingine, fupi. Ukijaza kwenye tovuti, unamwambia nani? Mwaka 2019 shirika la Uingereza liitwalo Privacy International lilichunguza kurasa zaidi ya 100 za afya ya akili za Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, likakuta nyingi zimepachikwa vifuatiliaji vya watangazaji, na baadhi ya vipimo vya sonona vikipeleka majibu ya watu kwa makampuni mengine. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, lakini sheria ya Dodoma haiko ndani ya tovuti ya ng'ambo. Na simu zetu tunajuana: ya baba inatumiwa na watoto, ya dada iko kwa fundi. Maswali tisa yanaenea nusu ukurasa. Yanakili kwa mkono, jaza kwa kalamu. Karatasi haiombi bando na haikuletei tangazo kesho yake.

Karatasi ina faida nyingine, nayo ndiyo iliyonibadilisha mtazamo juu ya kitu hiki. Mnasihi wangu alinifanya nijaze dodoso lile lile kila baada ya muda, tukaziweka karatasi sambamba mezani. Hapo namba ikaanza kuwa na maana, kwa sababu sasa ilikuwa inalinganishwa na yangu mwenyewe. Wataalamu huhesabu kushuka kwa pointi tano kuwa badiliko la kweli, na kufika chini ya 5 kuwa umetoka. Kaka alikuwa akisubiri jumla kama matokeo ya darasa la saba. "Bado una 11?" Mnasihi akamwonyesha mistari: usingizi ulikuwa umetoka 3 kwenda 1, la tisa limekuwa sifuri, raha bado 3. Raha ilikuwa ya mwisho kurudi. Ningekuwa natazama jumla tu ningesema tiba haifiki, maana mstari nilioutaka mimi ndio uliokuwa haujasogea.

Mimi nilitibiwa kwa mazungumzo na zile dawa za damu. Wapo wanaopewa dawa za sonona zenyewe, kama fluoxetine, na yule mvuvi tuliyekaa naye benchi ni mmoja wao. Alitaka kuacha mapema akidai hazifanyi kitu. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kichefuchefu na kukosa utulivu huja kwanza, na ukizikatiza ghafla mwili unagoma. Akarudi kumwambia aliyemwandikia badala ya kuzitupa ziwani.

Huwa nawaza pia habari za wale bibi wa Harare. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha wanawake wazee wa mtaani kukaa benchi la mbao nje ya zahanati, kumsomea mtu maswali kumi na manne yaliyotungwa kwa Kishona, kisha kuzungumza naye juu ya tatizo moja linalowezekana kutatuliwa. Matokeo ya utafiti wake yalichapishwa 2016: waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Zanzibar. Yule mama muanika dagaa angeiweza kazi hiyo kesho asubuhi. Anasikiliza vizuri na hana aibu ya swali lolote.

Kama uko Mwanza na umejaza, ukapata namba, fanya hivi. Usilijaze usiku wa manane. Subiri mchana, uwe na mtu. Angalia kwanza swali la tisa, halafu la kwanza na la pili, kwa sababu bila moja kati ya hayo mawili daktari hataiita sonona hata jumla ikiwa kubwa. Anza zahanati au kituo cha afya cha kata yako uombe rufaa, au nenda Sekou Toure. Bugando kule mlimani wana idara kamili ya magonjwa ya akili, na ukiwa na bima rufaa itakuokolea usumbufu. Fika asubuhi. Dirishani useme "nataka kumwona daktari wa afya ya akili" kwa sauti yako ya kawaida, na kama watakupigia kelele, benchi lina watu wazuri. Beba karatasi yenye majibu ya kila swali, na dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba, kwenye mfuko mmoja. Watakuuliza juu ya zote.